Safari ya Kitulo, na Habari za Watu Wengi na Watu Wachache



Walimu wa upande wetu wameulizana mara nyingi wapi yafaa kuwapeleka vijana wakati wa likizo, wakalale hemani siku mbili tatu, waione nchi yao na kupumzika na kelele za mji. Wengine husema, twende Serengeti, maana ndiko kwenye sifa. Wengine husema, twende Mikumi, maana ni njiani. Wengine tena husema, tusiende mbali, Kitulo ni jirani yetu. Swali hili ni jema, na ndani yake mna swali la pili lililo kubwa kuliko la kwanza: mahali pazuri pakiisha kujulikana, je, ni heri watu wawe wengi au wawe wachache? Leo nataka kuandika habari za maswali haya mawili kwa kadiri nilivyoona mwenyewe na kwa kadiri mambo yanavyojulikana.

Kwanza tutazame watu wengi. Sisi wa Njombe tukitaka kujua maana ya watu wengi hatuna haja ya kwenda mbali. Na tushuke kilometa kama 60 mpaka Makambako. Pale barabara yetu ya Songea na Njombe inakutana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, tena pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 hata 1975. Usiku na mchana magari ya abiria yanaingia na kutoka, malori yamepangana, wauza mahindi ya kuchoma wanakimbia dirisha hata dirisha, wapiga debe wanaita majina ya miji. Mtu wa Makambako haoni ajabu. Amezoea kulala katikati ya ngoma za injini. Lakini mtu huyo huyo, akienda mbugani na hema lake, hutazamia kukuta kimya, na asipokikuta huhuzunika.

Basi na ajue kwamba katika hifadhi zenye sifa kubwa mara nyingi hatakikuta. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na eneo lake ni kilometa za mraba 14,763. Mtu akisikia hesabu hiyo husema moyoni, nchi kubwa hivi, nani atanisumbua? Lakini wageni hawaenei katika nchi yote kama mvua inavyoenea. Hukusanyika palipo wanyama, na wanyama hukusanyika palipo maji na majani mabichi. Kwa hiyo Seronera, katikati ya hifadhi, kambi za watu wote hujaa mahema wakati wa msimu, kamba ya hema moja karibu kushikana na kamba ya hema la pili, wapishi wa makundi mbalimbali wanagombea nafasi katika jiko moja, na asubuhi kabla ya jua magari yanaunguruma yote kwa pamoja. Simba mmoja akilala chini ya mti, utaona magari kumi na tano yamemzunguka, naye anapiga miayo tu.

Kaskazini zaidi, kwenye Mto Mara, mambo ni makubwa kuliko hayo. Kuanzia Julai mpaka Oktoba makundi ya nyumbu, ambao wote pamoja wapita milioni moja, huuvuka mto ule kufuata malisho. Wageni hutoka pande zote za dunia kuja kutazama. Nyumbu ni mnyama mwenye mashaka. Hufika ukingoni, hunusa maji, hurudi nyuma, hufika tena. Magari yakisimama palipo njia yake, haji. Akija, hupita penginepo, palipo na ukingo mkali zaidi, na wengine huvunjika miguu. Mwezi wa Julai 2025 zilienea picha zilizowaonyesha wageni wameshuka katika magari, wamesimama ukingoni penyewe, na nyumbu wametaharuki hawajui pa kupita. Watu wengi katika nchi yetu na nje yake walikasirika. Wale waliosimama pale walikuwa wametoka mbali, wamelipa fedha nyingi, wala hawakuja kwa nia ya kudhuru. Kila mmoja alitaka kuona vizuri kidogo tu kuliko mwenzake. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyoharibu kitu: kila mmoja kwa hatua moja.

Mikumi nayo yajulikana na kila mtu wa kwetu aliyepata kwenda Dar es Salaam, maana barabara kuu yapita katikati ya hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka 1964. Abiria wa Makambako huona tembo na twiga na nyumbu kupitia kioo cha gari, bila kulipa kiingilio, na huona kando ya njia kibao chenye bei ya faini ya kila mnyama atakayegongwa. Siku za sikukuu na za mwisho wa juma watu wa Dar es Salaam huja kwa wingi, na tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro mwaka 2024 safari yao imekuwa nyepesi zaidi. Ni jambo la kufurahia kwamba wananchi wenyewe wanatazama mali yao. Lakini anayetaka kusikia usiku unavyozungumza, pale atasikia pia malori yakipanda na kushuka.

Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lina dawa ya jambo hili, nayo ni kugawa kambi kwa namna mbili. Ziko kambi za watu wote, zenye vyoo na maji na mahali pa kupikia, na yeyote aliyelipa apiga hema lake humo. Tena ziko kambi maalumu, ambazo kundi moja huziomba mbele na kukaa humo peke yake. Katika kambi hizo maalumu aghalabu hamna choo wala bomba wala kibanda. Kila kitu huja na wewe na huondoka na wewe. Na tazameni jambo hili, wasomaji: kambi isiyo na kitu ada yake ni kubwa kuliko ya kambi yenye vitu. Yaani katika hifadhi zenye sifa, kitu kilicho ghali ni kukosa jirani.

Sasa njoni Kitulo, ambako kitu hicho cha ghali kimejaa tele, wala haitupasi kusafiri siku mbili kukifikia.

Njia ni mbili. Ya kwanza yatoka Njombe kwenda Makete, ikipanda na kushuka katika milima ya Wakinga. Ya pili ni kushuka Makambako, kushika barabara kuu ya kuelekea Mbeya, kupita Igawa katika tambarare za Usangu, mpaka Chimala. Kisha kuacha lami na kupanda mlima kwa njia ya kona nyingi. Watu wa huko husema kona ni 57, wakaiita njia ile Hamsini na Saba. Sisi tulipita njia hii ya pili, watu tisa na mahema matatu, mwezi wa Februari. Chini, Chimala, kulikuwa na joto, vijana wamevua makoti. Kila kona moja tulirudishiwa baridi kidogo. Tulipofika juu, upande wa Matamba, makoti yote yalikuwa mwilini, na tambarare ya Usangu ilikuwa chini yetu kama mkeka uliotandikwa.

Uwanda wa Kitulo uko juu sana, kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na Njombe yetu tunayoiita nchi ya baridi ni kama mita 2,000 tu. Unazungukwa na milima ya Kipengere, na ya Uporoto, na ya Livingstone inayotazama Ziwa Nyasa. Kilele cha Mtorwi chafika mita 2,961. Mwaka 1877 alipita huko Mwingereza James Frederic Elton, na wageni wakauita uwanda ule kwa jina lake kwa muda mrefu. Wenyeji walikuwa na jina lao lililo bora, nalo ndilo lililodumu: Bustani ya Mungu.

Jina hilo halikutolewa bure. Wataalamu wamehesabu huko aina 350 za mimea, na katika hizo aina 45 za okidi. Mvua zikianza Novemba majani huchipuka, na kuanzia Desemba mpaka Aprili uwanda wote hubadilika rangi juma kwa juma. Tuliona maua marefu yenye vichwa vyekundu na vya manjano yamesimama kama mienge. Tuliona okidi za zambarau na nyeupe katika majani mafupi, ndogo hata yapasa mtu kupiga magoti azitazame. Tuliona ndege mkubwa aitwaye tandawala akitembea taratibu kama mzee wa baraza, na mbayuwayu wa buluu wakipita juu ya nyasi. Katika misitu ya Livingstone iliyo ndani ya hifadhi anaishi kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa upande wa Rungwe walikuwa wakimtaja tangu zamani, lakini wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 2003, na habari zake zikatangazwa duniani mwaka 2005. Mwaka huo huo wa 2005 Kitulo ikafanywa Hifadhi ya Taifa, kilometa za mraba kama 413, ikawa ya kwanza katika nchi za joto za Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Basi, katika siku zetu mbili za kukaa huko, tulikutana na wageni wangapi? Tulikutana na gari moja. Lilikuwa na mume na mke kutoka nchi za mbali, nao walitusalimu kwa furaha, tukanywa chai pamoja, wakaondoka. Baada ya hapo tulikuwa sisi, na askari wa hifadhi, na ukungu.

Usiku wa kwanza kijana mmoja wa miaka kumi na saba, aliyezaliwa karibu na stendi ya Makambako, hakupata usingizi. Akanijia nje ya hema akaniuliza, "Mwalimu, mbona hakuna sauti?" Nikamwambia, "Keti, usikilize kwanza." Akaketi na blanketi lake. Baada ya kitambo akasema kwamba anasikia maji mbali, tena vyura, tena upepo katika nyasi. Kisha akanyamaza muda mrefu. Asubuhi akawaambia wenziwe kwamba kumbe usiku una watu wake.

Mimi nimekaa na vijana miaka mingi, na najua kwamba kumnyamazisha kijana kwa maneno ni kazi ngumu. Pale hapakuwa na haja ya maneno. Hiyo ndiyo faida ya mahali penye watu wachache, wala si faida ndogo. Katika nyumba zetu mtu huzaliwa katikati ya ndugu, hula katika sinia moja nao, husoma darasani na wenzake wengi, hufanya kazi akiwa na wenziwe, na akifa huzikwa na kijiji kizima. Tunawafundisha watoto kukaa na watu, na tunafanya vema. Lakini pana nyakati mtu huwa na jambo moyoni lisilosikika katikati ya sauti za wengine. Hata Bwana wetu alizoea kuondoka alfajiri kwenda mahali pasipo watu; na watu walipomfuata huko huko hakuwafukuza, aliwahurumia na kuwalisha. Mambo yote mawili yamo katika habari ile, yaani kimya na umati, na hatuwezi kushika moja na kutupa la pili.

Nasema hivi kwa sababu ni rahisi mtu kurudi kutoka Kitulo akisema, "Afadhali pasijulikane, pakae vivyo hivyo." Neno hilo latamkwa na wageni wengi wanaopenda upweke. Nalo lapendeza masikioni, lakini tukilipima tutaona upungufu wake.

Sikilizeni habari za okidi. Okidi nyingi za Kitulo zina viazi vidogo chini ya ardhi, nazo huzitumia kuhifadhi chakula wakati wa baridi na ukame. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, viazi hivyo hupondwa, vikachanganywa na unga wa karanga na magadi na pilipili, vikapikwa mpaka vikawa kama mkate, na jina la chakula hicho ni chikanda. Ni chakula cha heshima cha watu wale, wala si kosa kukila. Lakini okidi za kwao zilipopungua, wachuuzi walianza kutafuta huku kwetu, na viazi vikatoka katika nyanda za juu za kusini kwa magunia, vikipita Tunduma. Mahindi ukivuna huacha mbegu. Okidi ukiichimba umekwisha kuiua, maana kiazi ndicho uhai wake. Na mbegu zake ni kama vumbi. Haziwezi kuota pasipo kuvu maalumu wa ardhini wa kuzilisha, na miaka kadhaa hupita kabla ya mche mmoja kutoa ua. Biashara hii ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya uwanda ule uwekwe chini ya ulinzi.

Sasa jiulizeni: wachimbaji wale walifanya kazi yao mahali gani? Katikati ya watu? Sivyo. Walichimba pasipo mtu wa kuwaona. Kimya kile kile kilichomfurahisha kijana wetu ndicho kilichowaficha. Mahali pasipo watu hapalindwi na kukosa watu. Hulindwa na askari anayezunguka katika mvua na baridi, naye askari hula, huvaa, huhitaji buti na gari na mafuta.

Fedha za askari huyo zatoka wapi? Hapa ndipo penye jambo ambalo wapenda upweke husahau. Kwa miaka mingi hifadhi chache tu katika nchi yetu, hasa za kaskazini kama Serengeti na Kilimanjaro, ndizo zilizoweza kujilipia gharama zake, na ziada yake ikazilisha hifadhi nyingine zisizo na wageni. Kwa hiyo gari la kumi na tano pale kwa simba wa Seronera, tunalolicheka, lilichangia kulinda okidi za Kitulo. Sisi tulioketi peke yetu katika Bustani ya Mungu tuliketi juu ya mabega ya umati ule.

Jambo hili lilionekana wazi wakati wa ugonjwa wa korona. Mwaka 2019 wageni kutoka nje walioingia nchini walipita milioni 1.5. Mwaka 2020 walishuka wakawa kama 620,000 tu. Kambi zikawa tupu, simba akalala bila kuzungukwa, na mtu angeweza kusema, sasa hifadhi zimepumzika. Lakini waongozaji na wapagazi na wapishi walirudi makwao mikono mitupu, na mapato yanayolinda hifadhi yakaanguka. Baadaye wageni wakarudi, na mwaka 2024 wakapita milioni 2.1. Waama kimya cha mwaka 2020 hakikuwa raha kwa watu waliokula kwa kazi ile.

Tuliporudi, tulipumzika Matamba karibu na soko. Pale tulimkuta mzee wa Kiwanji ameketi juu ya gunia la viazi mviringo.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mwatoka kutazama maua?"

"Ndiyo, baba. Tumelala huko siku mbili."

"Mlinunua chakula wapi?"

Nikamwambia kwamba viazi na maharage na mkaa tulinunua pale pale sokoni tulipokuwa tukipanda. Mzee akacheka, akasema, "Basi ninyi ni wageni. Wengine hupita hapa vioo vimefungwa, wakirudi vioo vimefungwa. Maua twayajua tangu utoto. Twataka kuwajua na wanaoyatazama."

Neno la mzee huyu lina uzito. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni asiyenunua kiazi, asiyelala, asiyeuliza njia, ni vumbi tu barabarani. Na mwenyeji asiyepata faida yoyote ya bustani hatakuwa na sababu ya kumkataza mchimbaji wa viazi vya okidi. Pengine yeye mwenyewe atachukua jembe siku ada ya shule itakapokosekana. Kwa hiyo yafaa watu wa Kitulo wapate wageni zaidi kuliko walio nao sasa. Nalisema hili waziwazi, ingawa mimi mwenyewe naupenda ule ukimya.

Lakini na wawe zaidi kiasi gani? Maana Kitulo si Serengeti. Nyumbu akisumbuliwa atahama. Ua likikanyagwa halina pa kukimbilia. Gari likiacha njia mara moja katika ardhi ile yenye maji maji, alama zake hukaa. Wala tusiseme kwamba mahali pasipo simba na tembo hapawezi kujaa. Huko Marekani iko hifadhi iitwayo Yosemite, iliyoanzishwa mwaka 1890, nayo husifiwa kwa majabali na maporomoko ya maji. Mwaka 2016 waliingia humo watu zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Jabali lake moja, Half Dome, lililazimika kuwekewa ruhusa maalumu, watu 300 tu kwa siku, kwa sababu wapandaji walikuwa wamebanana kwenye kamba za chuma kama abiria mlangoni mwa gari. Na miaka kadhaa, tangu 2020, hata kuingia kwa gari kulihitaji kuomba nafasi mbele katika misimu ya watu wengi. Barabara nzuri ilikuja kwanza, hesabu ya watu ikaja baadaye. Sisi ambao barabara zetu bado zinatengenezwa tuna bahati ya kuweza kuhesabu kwanza.

Kwa hiyo nawapa walimu na wazazi mashauri machache, yaliyotoka katika safari ile.

Kwanza, chagueni mahali kwa kadiri ya haja yenu. Kama vijana hawajapata kumwona tembo, nendeni Mikumi, au Ruaha iliyo kilometa kama 130 kutoka Iringa, nayo ni pana na magari yake ni machache kuliko ya kaskazini. Kama haja yenu ni kimya na mimea, nendeni Kitulo. Msiende Seronera kutafuta upweke kisha mrudi mkinung'unika.

Pili, chagueni wakati. Maua ya Kitulo yaja na mvua, na mvua yaja na matope na ukungu. Asiyetaka mvua asitafute maua. Juni na Julai mbingu ni safi, lakini maua ni machache na sakitu huanguka usiku. Blanketi moja halitoshi, wala mtoto mdogo asilazwe hemani bila nguo za sufu.

Tatu, nendeni wachache. Watu tisa au kumi ni wengi wa kutosha. Mwalimu akiwa na vijana arobaini na awagawe makundi manne kwa likizo nne, maana arobaini wakifika pamoja huchukua soko lote pamoja nao, wasione ua wala wasisikie chura.

Nne, acheni redio na ngoma nyumbani. Mlioko kambi ya watu wote, kumbukeni kwamba ukuta wa hema ni kitambaa, na jirani yako asikia hata unavyokoroma. Adabu ya kambini ni ile ile ya nyumbani: usiku ukiingia, sauti ishuke.

Tano, fuateni njia, msichume ua, msichimbe, msiache taka hata ganda la yai. Moto na uwashwe pale tu askari wanaporuhusu.

Sita, nunueni chakula kwa wenyeji, na chukueni mwongozaji wa huko huko, hata kama njia mwaijua. Fedha ile ndogo yamfundisha mwenyeji kuwa ua lililosimama lina bei kuliko kiazi kilichochimbwa.

Saba, kila siku mkiwa huko, wapeni vijana nusu saa ya kukaa mbalimbali, kila mmoja peke yake mahali anapoonekana na mwalimu, bila simu, bila kitabu. Wataona ni muda mrefu sana. Wakirudi waulizeni wamesikia nini.

Hivyo swali letu la kwanza nalijibu kwa kusema, tuanze na Kitulo, maana ni kwetu, tena nauli yake mzazi wa Njombe aiweza. Na swali la pili nalijibu hivi: mahali pazuri pataka watu wa kutosha wapate kupalinda, na wachache wa kutosha pasife mikononi mwao. Kiasi hicho hakijiweki chenyewe. Huwekwa na serikali kwa sheria, na wenyeji kwa macho yao, na wageni kwa adabu yao. Na katika hao watatu, adabu ya mgeni ndiyo iliyo mikononi mwetu sisi walimu na wazazi.

Mvua za Novemba zikianza, okidi zitachipuka tena. Shule zitakazopenda kwenda na zijipange mapema, kundi moja moja, zisifike zote juma moja. Na wakati wa kupanda msipite Matamba mmefunga vioo. Simameni sokoni, mwaamkie wazee, mnunue viazi.